Kuomba na Kudai

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za jirani tumezoea kumfunza mwanafunzi kwanza maneno ya adabu: hodi, tafadhali, samahani, ahsante. Ni jambo jema, kwani lugha yetu ni lugha ya heshima. Walakini liko neno moja ambalo aghalabu tunalichelewesha, nalo ni 'kudai'. Uzito wake tuliupima ugenini, huko Ujerumani, tulipokuwa tukielekea kwenye kongamano la Kiswahili la Bayreuth.

Usiku ule gari la moshi la mwisho lilifutwa, nasi tukabaki kituoni watu watatu na mizigo yetu, pasipo basi wala mtumishi wa kutuelekeza. Tulikodi teksi kwa yuro 90, fedha tulizokuwa tumeziweka kwa chakula cha siku kadha. Mwenyeji wetu alipopata habari hakutupa pole tu, bali aliuliza, "Risiti iko wapi?"

Ndipo tulipoielewa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, yasema kwamba kampuni ya reli isipomjulisha abiria njia nyingine ya kuendelea na safari katika muda wa dakika 100 tangu saa iliyopangwa ya kuondoka, abiria aweza kujitafutia treni nyingine au basi, na kurudishiwa gharama za lazima na za kiasi. Teksi haikutajwa hapo. Lakini sheria ya Ujerumani yaongeza kwamba treni ya mwisho ya siku ikifutwa, na abiria asiweze kufika kabla ya saa sita usiku, aweza kupanda hata teksi na kurudishiwa hadi yuro 120.

Marejesho hayo si fidia ya kuchelewa. Fidia ni asilimia 25 ya nauli kwa kuchelewa dakika 60, na asilimia 50 kwa dakika 120 au zaidi. Tufani kubwa huweza kuiondoa fidia. Mgomo wa wafanyakazi wa reli wenyewe si udhuru.

Mmoja wetu alisita, akiona ni aibu mgeni kuomba fedha. Lakini aombaye hutegemea ukarimu wa mwenziwe, hali adaiye humkumbusha mwenziwe ahadi. Tulikwisha lipa nauli. Kampuni ilikwisha ahidi kutufikisha. Dawa ya deni ni kulipa. Tuliandika barua, tukaambatisha tiketi na risiti, na baada ya majuma kadha fedha zikarudi.

Basi, walimu wenzetu, tuwape wanafunzi zoezi la barua ya madai: tarehe, safari, saa, kiasi, na vithibitisho. Waiandike kwa adabu zote tulizowafunza, lakini neno 'naomba' wasiliweke mahali pa 'nadai'.