Kabla ya Chupa, Uliza Rangi Ilikaukaje

Mpwa wangu Idrisa,

Picha za gari nimeziona, mama yako alinitumia hata kabla yako. Premio imependeza kweli, na hiyo bluu imeikaa kuliko ile rangi ya fedha ya zamani. Hongera.

Sasa tuje kwenye hilo la kupaka seramiki juu ya rangi. Unasema gari limetoka gereji Jumatatu, Jumamosi kuna kijana atakupakia kwa bei ya ofa, na unataka nikuchagulie kati ya chupa mbili. Chupa ziache kwanza. Rudi kwa fundi wako umuulize: rangi ilikaukaje?

Kiwandani bodi huokwa ikiwa tupu, haina viti wala nyaya, kwenye nyuzi 140 hivi. Gereji haiwezi hilo, plastiki zingeharibika. Yenye oveni hupasha mpaka nyuzi 60 kwa nusu saa hivi. Na wewe unazijua gereji zetu: nyingi oveni hazina, gari hupulizwa chini ya turubai likaachwa na upepo. Kesho yake ukiligusa ni kavu, vumbi halishiki, unakabidhiwa funguo. Lakini ndani ya klia, lile tabaka angavu la juu, bado kuna thina inayotafuta njia ya kutoka, na hadina, ile dawa ya kuigandisha, haijamaliza kazi yake. Jaribu mwenyewe: liache juani mpaka saa saba mchana, kisha sogeza pua karibu na boneti. Ukisikia thina, jibu umelipata.

Ukipaka seramiki hapo, umefunika chungu kinachofuka. Thina iliyobaki hukosa pa kutokea, klia hukawia kukomaa, mng'ao hufifia, na pengine hutokea vitundu vidogo kama vya sindano. Halafu kuna jambo ambalo vijana wa seramiki hawalitaji: rangi inapokauka husinyaa, na ikisinyaa, mikwaruzo ya msasa iliyofichwa kule chini, hasa palipopakwa puti, hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Bila seramiki, fundi atapiga polishi yaishe. Ukishapaka, ataikwangua seramiki yenyewe kwanza, na pesa yako imekwenda.

Kama ilikaushwa kwa hewa, usipake seramiki kabla ya mwezi kuisha. Mimi ningengoja miwili, na wapo watengenezaji wa rangi wanaotaka hadi siku 90. Kama iliingia oveni kweli, muda ni mfupi zaidi. Mwombe fundi karatasi ya maelezo ya ile klia, imeandikwa. Katika kipindi hicho osha kwa maji na shampuu ya gari, waksi usiguse. Na kunguru wa hapo Dar unawajua. Kinyesi chao kikianguka, kiloweshe ukitoe siku hiyohiyo, maana rangi changa huchubuka haraka.

Kuhusu ile 9H anayokutajia kijana wa seramiki kana kwamba anakupakia almasi: hicho ni kipimo cha penseli. Wanasukuma penseli juu ya rangi, wanaanza na laini wanapanda kwenye ngumu, na 9H ndiyo ngumu ya mwisho kwenye seti ya kawaida. Kokoto inayorushwa na lori kule Chalinze haijui habari ya penseli. Seramiki yenyewe ni unene wa maikroni moja au mbili hivi, wakati klia chini yake ni kama 40 hadi 60. Haitazuia kokoto, wala tambara lenye mchanga la pale unapooshea gari. Ukihofia kokoto, tafuta ile filamu ya plastiki inayobandikwa. Ni nene mara nyingi zaidi, na bei yake pia.

Faida ya seramiki lakini ipo, sikukatazi. Maji huteleza, tope halinati, jua haliichoshi klia upesi, na kinyesi cha ndege kinakupa muda kidogo. Ila kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, futa gari likauke kila unapoosha. Yale matone yanayopendeza kwenye matangazo yakikaukia juani huacha madoa meupe, na seramiki haiyazuii.

Kati ya chupa zako mbili sioni tofauti ya kunikosesha usingizi. Mimi ningemchagua mtu. Muulize atafanya nini kabla ya kufungua chupa. Akisema ataosha, atatoa uchafu ulionata, atamulika taa kila paneli, atapiga polishi, kisha atafuta mafuta yote kwa spiriti, huyo anajua kazi. Akisema anaosha na kupaka, mkimbie. Muulize pia anapakia wapi. Kwa joto na unyevu wa Dar dawa hushika upesi. Anatakiwa apake kipande kidogo, akifute kwa wakati, aendelee na kingine, tena kivulini na pasipo vumbi. Akichelewa kufuta, hubaki mabaka yasiyotoka mpaka kwa polishi. Na gari lisinyeshewe angalau siku nzima, kwa hiyo chini ya mwembe haifai.

Dhamana ya miaka mitano aliyokuahidi isome mpaka chini. Nyingi hukudai urudi kila mwaka wakague, kwa gharama yako.

Jumamosi usiende. Akisema ofa inaisha, mpigie mbele yangu, au niweke kwenye spika niongee naye mwenyewe.

Mjomba wako.