Faili la Mwanangu Halikuwa Bovu

Leo siongelei shela wala sare za harusi. Naongelea mafaili, kwa sababu najua miongoni mwenu wako wenye mtoto, mdogo au wifi asiyeona anayesoma, na jambo hili huenda linawaumiza kimya kimya.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Kariakoo. Naishi na binti wa marehemu dada yangu, yuko kidato cha tatu, haoni tangu utotoni. Shule ya msingi aliandikia mashine ya Perkins, nzito kama cherehani ya chuma. Sasa anatumia kifaa cha nukta nundu cha mkononi. Kina vitufe sita vya kuandikia, na mbele yake mstari wa seli 20 ambamo vipini vidogo vinainuka na kushuka, naye anasoma kwa vidole. Kazi zake zinakaa kwenye memori kadi.

Shaaban ya mwaka jana, nguo za maharusi zimenijaa hadi dirishani, alirudi shule amenyamaza. Insha yake ya Kiswahili ilipewa sifuri. Mwalimu alimwambia faili limeharibika, limejaa alama za ajabu, pengine hata hakuandika kitu. "Mama mdogo, niliandika kurasa nne," akaniambia, na sauti ikamkatika.

Sote tunakijua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa. Anayekuja kutafuta elimu hageuziwi uso. Nikafunga fremu, tukaenda Mtaa wa Aggrey.

Kijana wa kwanza alitaka kuformati kadi. Nikamkatalia, maana kadi ikiformatiwa kazi zote za mtoto zinaondoka. Kwanza nakili, ndipo uguse. Wa pili alibadilisha jina la mwisho la faili ili lionekane la Word. Alama zikabaki zile zile. Kubadili jina la faili ni kama kushonea lebo ya hariri kwenye poliesta. Kitambaa hakibadiliki.

Nikamwambia mwanangu anisomee kwa vidole, nami nitazame skrini. Aliposoma "mwaka 1964", mimi niliona #aifd. Kila alipotaja jina la mtu au mji, mbele yake palikuwa na mkato. Alipofika kwenye nukta ya mwisho wa sentensi, mimi niliona 4. Akacheka, akanieleza: katika nukta nundu tarakimu hazina umbo lao, ni herufi a mpaka j zikitanguliwa na alama ya namba. Basi a ni 1, i ni 9, f ni 6, d ni 4.

Faili lilikuwa zima. Lilihifadhiwa kwa mtindo wa BRF, yaani nukta zenyewe, na kompyuta ya mwalimu ilizionyesha kama herufi za kawaida. Fundi wa tatu alipakua programu ya bure inayotumia liblouis, akaligeuza kuwa maandishi ya kawaida. Kurasa zote nne zikatoka. Mwalimu alizisoma, akasahihisha upya, akamwomba radhi mbele ya wenzake.

Tangu hapo tuna utaratibu wetu nyumbani:

1. Kazi inayokwenda kwa mwalimu inatumwa kama maandishi ya kawaida, TXT. Ile ya BRF anabaki nayo yeye.
2. Mwalimu akituma PDF, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole kwenye simu. Likikataa, huenda ni picha tu, na picha haigeuki nukta. Omba iliyochapwa.
3. Vifaa vingi vya bei nafuu havifungui faili la Word. Lifungue kwenye kompyuta, ulihifadhi upya kama TXT.
4. Usichomoe kadi kifaa kikiwa bado kinaandika. Na kila Ijumaa nakili kila kitu kwenye flashi.

Mimi kama fundi kuna jambo limenigusa. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alijiumiza jicho akiwa na miaka mitatu kwenye karakana ya baba yake, akichezea chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Mwaka 1829 alichapisha maandishi yake ya nukta. Leo ipo hata Misahafu ya nukta nundu, na Kiarabu chake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Dada yangu, ukiwa na mtoto wa aina hii nyumbani, usimwachie peke yake mambo ya mafaili ukidhani ni ya wasomi. Mimi elimu yangu ni sekondari na kozi ya ushonaji. Na kabla hujamuuliza kama amefanya kazi ya shule, muulize kwanza kama faili alilotumiwa lilifunguka.