Siku kumi Muscat na mtoto mwenye sikoseli

Tangu turudi Tanga, wazazi wenzangu wananiuliza maswali mawili, tena kwa mpangilio uleule. Kwanza: mlikula nini huko? Pili, kwa sauti ya chini kidogo: na binti je, alistahimili? Binti yetu wa kati ana miaka 11 na anaishi na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Ndugu wawili wa upande wangu walituambia wazi kwamba mtoto wa namna ile hasafirishwi kwa matembezi, anasafirishwa kwa matibabu. Naelewa woga wao, maana wamemwona akilazwa. Lakini ana kaka wa miaka 14 na mdogo wa miaka 6, na mimi nilishachoka kumwona akibaki na bibi kila wenzake wanapokwenda mahali.

Tulichagua Oman kwa sababu wifi yangu anaishi huko, kwa hiyo malazi ni bure. Nasema hivyo bila haya. Kwa familia ya watu watano, bila ndugu wa kukupokea hesabu inabadilika kabisa. Tulikwenda Desemba shule zikiwa zimefungwa. Mwezi huo mchana wa Muscat huwa nyuzi 25 hivi na usiku hushuka hadi 18 au karibu na hapo. Likizo ya Juni ningeisahau, maana joto hupita nyuzi 40, na kwa mtoto anayetakiwa asikaukiwe maji mwilini huo si mchezo.

Kabla ya kukata tiketi tulikwenda kliniki yake. Daktari alitazama rekodi zake za mwaka mzima, akaruhusu, kisha akatupa masharti. Kutoka Dar es Salaam ni ndege ya saa tano na kitu: anywe maji njia nzima, ainuke atembee kila baada ya muda, avae sweta kwa sababu ndani ya ndege ni baridi, na baridi ni adui yake mkubwa. Dawa zake za kila siku, foliki asidi na haidroksiurea, tulizibeba kwenye mkoba wa mkononi, za siku kumi na za ziada, zikiwa ndani ya makasha yake ya dukani. Tulibeba pia barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina ya dawa zote na vipimo vyake. Oman wanasimamia sana dawa kali za maumivu, zile zenye kodeini au tramado, na hutaki kuanza kueleza habari hizo uwanja wa ndege ukiwa na mtoto amelala begani. Mtoto wako naye ana hali yake, kwa hiyo masharti yake atayatoa daktari wake. Haya ni ya binti yetu.

Tukifika kwenye chakula, niseme kwanza kwamba hatukuhisi tumetoka nje ya pwani yetu. Kuna familia nyingi Muscat ambazo wazee wao walizaliwa Unguja, Pemba au bara. Wengine waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, wengi wakahamia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Kiswahili utakisikia dukani, msikitini na kwenye foleni. Mwanangu mdogo alimwamkia mzee mmoja "shikamoo" kwenye lifti, mzee akaitikia "marahaba mwanangu," na tangu hapo akawa anawaamkia watu wote, wakiwemo wafanyakazi wa Kihindi ambao hawakuwa na habari naye.

Asubuhi kwa wifi ilikuwa mkate wa rakhal. Ni mwembamba kama karatasi, unapakwa kwenye bamba la moto kwa mkono (usijaribu), kisha unapasuliwa yai juu yake, au unamiminiwa asali na jibini. Mwanangu wa kwanza aligundua kitu kingine kwenye vibanda vya chai: chapati ya moto inayosokotwa na jibini la kupaka na krispi za Chips Oman zilizopondwa ndani. Kwa maelezo ni takataka, lakini mdomoni nilikula mbili. Huoshwa kwa karaki, chai ya maziwa iliyokolea hiliki. Kumbuka tu kwamba chai na kahawa hatukuzihesabu kama maji. Binti alikuwa na chupa yake ya lita moja, aijaze na kuimaliza kabla ya adhuhuri, na nyingine kabla ya kulala. Kazi ya kumkumbusha tulimpa kaka yake. Alivyoona amepewa cheo, hakuna siku aliyosahau.

Mchana ulikuwa wa samaki. Nguru wa Muscat ni yuleyule nguru wetu, wanamchoma au wanampika na wali. Ukienda soko la samaki la Mutrah asubuhi mapema utamwona akiwa amelazwa na jodari wenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja wifi alituletea shuwa. Hiyo ni nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwenye majani na kufukiwa katika shimo lenye makaa kwa siku nzima au zaidi, chakula cha sikukuu hasa. Nyama inaachana na mfupa ukiitazama tu. Harisi wao ni bokoboko letu, na lukaimati ni kaimati, neno lenyewe linajieleza. Watoto walifurahi zaidi kukuta vitu wanavyovijua vikiwa na jina lililopinda kidogo kuliko kukuta vitu vigeni kabisa. Kama una mtoto mteuzi wa chakula, huo ni msaada mkubwa.

Halua ya Oman inastahili sentensi zake. Sukari, samli, wanga, zafarani, hiliki, maji ya waridi na lozi, vinakorogwa kwenye sufuria ya shaba kwa saa mbili na zaidi bila mkono kupumzika. Huliwa kwa vidole vitatu, kidogo, pamoja na kahawa chungu. Mume wangu ana asili ya Unguja na anashikilia kwamba halua ya kwao ni bora. Dada yake alimwambia: "Basi wewe usile, waachie watoto." Alikula.

Ijumaa ya kwanza tulikwenda Nizwa, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka Muscat. Tulitoka alfajiri kuwahi soko la mbuzi, ambalo hufanyika Ijumaa asubuhi: wauzaji wanazunguka duara na mbuzi mkononi, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, wanapaza bei, mtu anamshika mbuzi meno, anatikisa kichwa, mbuzi anaendelea na safari. Watoto hawakutaka kuondoka. Ngome ya Nizwa iko hapohapo, na mnara wake mnene wa karne ya 17 ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, ndiye huyo aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Juu ya milango ya ngazi kuna matundu ambamo walinzi walimwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Unaweza kukisia kilichochezwa ndani ya gari njia nzima ya kurudi.

Usiku ule binti akaamka saa nane, mguu wa kulia unauma. Nilijua kutokana na jinsi alivyoniita, hakulia, aliita tu jina langu mara moja. Tulimpa dawa za maumivu kwa utaratibu aliotuandikia daktari, maji, kitambaa cha uvuguvugu juu ya paja, blanketi. Tulipima joto la mwili kila saa, kwa sababu homa kwake ni safari ya hospitali bila kujadiliana. Wifi alishavaa baibui yake na funguo za gari zilikuwa mezani. Hospitali ya kwenda tulikuwa tumeishaichagua tangu siku ya kwanza, pamoja na bima ya safari iliyotaja ugonjwa wake kwa jina. Homa haikuja. Alfajiri akalala. Mimi nilikaa sebuleni na maneno ya wale ndugu zangu wawili yakizunguka kichwani, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Wifi akaketi kando yangu. "Huu ugonjwa haukuja na nyinyi kwenye ndege," akasema. "Hapa mtaani nyumba tatu ninazozijua wanao." Ni kweli, sikoseli ipo sana Oman, na mtu wa kwanza niliyemweleza hakuniuliza ni kitu gani. Jambo hilo peke yake lilinipumzisha.

Jumamosi ilikuwa tupu kwenye ratiba, na hiyo ndiyo ratiba ninayoweza kumshauri mzazi yeyote mwenye mtoto kama huyu: kila baada ya siku ya kutembea, siku ya kukaa, hata kama mtoto anaonekana mzima. Alilala, akaangalia katuni za Kiarabu asizozielewa, akala uji. Kufikia jioni aliomba krispi.

Mji wenyewe hauchoshi. Ufukwe wa Mutrah una njia pana ya kutembea kandokando ya bahari, ngome imekaa juu ya jabali, na soko la zamani lina vichochoro vya ubani, shela, majambia na fedha. Mwambieni mtoto mapema kwamba rial moja ni kama dola 2.6 za Marekani na imegawanywa katika baisa 1,000. "Rial moja tu, mama" ni sentensi ya kufanyia hesabu. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi mkuu ni moja, mita 70 kwa 60 hivi, limefumwa kwa mkono na wafumaji 600. Mdogo alijilaza juu yake akatazama taa ya dari mpaka akasinzia. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, Ijumaa haimo. Mama na mabinti wabebe ushungi na nguo ndefu.

Safari tuliyoiacha ni Jabal Akhdar. Kijana aliitaka sana, na gari la kupanda milima lilikuwepo. Lakini uwanda wake uko mita 2,000 hivi juu ya bahari na usiku wa Desemba una baridi kali. Baba yake alimweleza hesabu yote, hewa nyepesi, baridi, mguu wa juzi. Kijana alikaa kimya, akasema sawa. Kesho yake baba akampeleka Wadi Shab wao wawili tu: mashua ndogo ya kuvuka mwanzoni, kutembea korongoni kama dakika 45, kisha kuogelea hadi pangoni kwenye maporomoko. Nadhani kaka au dada wa mtoto mgonjwa anastahili siku yake ambayo haikupunguzwa na mtu.

Sisi wengine tuliteremka Hawiyat Najm, shimo kubwa lenye maji ya kijani cha bahari chini ya ngazi. Hadithi ya wenyeji ni kwamba nyota ilianguka hapo. Wanajiolojia wanasema ni mwamba wa chokaa uliobomoka. Samaki wadogo huja kudonoa miguu. Maji yalikuwa ya baridi kwa binti yetu, kwa hiyo alitumbukiza nyayo tu akiwa na sweta, huku watoto wenzake wakirukia majini. Mdogo wake akiwemo.

"Mama, nimekuja kuangalia wengine wakiogelea?"

Sikumjibu. Shangazi yake ndiye aliyejibu: "Usinune mwanangu. Keshokutwa nakupeleka kwenye maji ya moto, na hao ndugu zako ndio watakuomba nafasi."

Ain Thawarah iko Nakhal, kama saa moja na nusu kutoka Muscat, jirani na ngome nyingine nzuri na mashamba ya mitende. Maji yanatoka mwambani yakiwa ya moto, yanapita kwenye mfereji, yanapoa kidogokidogo. Familia hutandika mikeka pembeni, chungu cha wali katikati. Binti aliingia na nguo zake ndefu, kwanza magoti, kisha kiuno, kisha akakaa chini maji yakamfika kidevuni. Tulikubaliana dakika ishirini. Nilikuwa na taulo mbili, sweta na chupa ya maji, nimesimama kama mlinzi wa benki. Kaka yake aliingia akamrushia maji usoni, naye akamrushia zaidi. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akimlowanisha mtu.

Alitoka kwa dakika yake bila kubishana, akajikausha mwenyewe, akala wali na nguru sahani mbili. Usiku nikaamka saa nane kwa mazoea, nikaenda kumgusa mguu. Akasema, bila kufumbua macho, "Haumi, mama. Kalale."

Kwenye begi tulirudi na kilo tatu za halua, tende na ubani. Halua ya ndugu zangu wawili niliwapelekea Jumapili. Binti alinisindikiza, na swali lao lile alilijibu yeye.