Mtoto Afikichaye Macho

Rubaya tumezoea vumbi. Basi mtoto wetu alipofikicha macho tulimkemea tu, na alipokosea kusoma ubaoni tulimwita mvivu. Kumbe konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa ikikonda na kuchongoka! Mganga wa macho alitueleza kwamba kufikicha huzidisha ugonjwa, nao kwa watoto huenda mbio.

Dawa iko: jicho hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, konea ikakazika. Uingereza walijaribu vijana 60 wa miaka 10 hadi 16. Mwaka 2021 wakatangaza kuwa, baada ya miezi 18, ugonjwa uliendelea kwa 7 katika 100 ya waliotibiwa hivyo, na 43 katika 100 ya waliobaki na miwani au lenzi. Lakini uoni uliokwisha kupotea haurudishwi.

Tunakusanya fedha. Usiku mmoja wetu huamka, akaiondoa mikono yake usoni.