Keneli mbili ndani ya laptopu moja

Laptopu yangu ina keneli mbili na sina haraka ya kufuta hata moja. Keneli ndicho kiini cha Linux, kinachounganisha programu na vifaa kama kamera na kadi ya Wi-Fi. Ubuntu yangu ni 22.04, iliyotoka na keneli 5.15, na Wi-Fi ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache. Simu yangu chumba kile kile haikatiki, basi nisiyasingizie majabali ya Wadi Bani Khalid.

Kukatika huko kuliniuma kwa sababu ya mama. Yuko Pemba, ana sukari na kidonda kisigino. Kila Ijumaa mdogo wangu hukisogezea kamera, nami hutazama rangi na kingo zake kwenye kioo kikubwa. Picha ikiganda, nabaki kubahatisha, na kidonda cha mwenye sukari hakibahatishwi.

Mtoto wa kaka yangu akanambia, "Shangazi, weka 6.8, lakini ya zamani usiifute."

Hofu yangu ilikuwa VirtualBox. Ndani yake naendesha Windows, kwa ajili ya mazoezi ya mtihani wa leseni. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ni mkali kwa jambo hili: keneli mpya isivunje programu zinazofanya kazi. LibreOffice haitajua hata kama umebadilisha. VirtualBox ni mbali, maana huingiza kipande chake ndani ya keneli yenyewe, na kila keneli mpya hutaka kipande kijengwe upya.

Nilinakili mafaili kwenye diski ya nje kwanza (fundi ninayemwamini yuko Ibra, na Ibra si jirani). Kisha amri moja:

sudo apt install linux-generic-hwe-22.04

Nikazima, nikawasha, nikaandika uname -r. Ikajibu 6.8. Wi-Fi ilikaa saa nzima bila kukatika, na kamera na sauti ziko sawa. VirtualBox ikagoma, toleo langu ni la zamani, halielewani na keneli hiyo.

Ndiyo faida ya kuacha zote mbili. Wakati wa kuwaka nabonyeza Esc (mashine nyingine hutaka Shift), menyu ya GRUB inatokea, nachagua. Ijumaa 6.8, siku za kusoma 5.15. Kuna VirtualBox mpya, najua, ila mtihani ni mwezi ujao. Mpaka niumalize, sigusi kitu.