Nani Zaidi: Kibadeni, Mogella au Samatta?

Nchi hii ina mabishano yasiyokwisha, ndugu msomaji, na mengi hayamdhuru mtu. Watu hubishana juu ya ugali wa dona na wa sembe, wakala wote, wakalala. Ila upo ubishi mmoja ambao mimi umenifikisha mahali pa kushika kalamu. Ni ule wa kuwapanga wachezaji wa zama mbalimbali kwenye mstari mmoja, kama watoto wanaopimwa urefu siku ya kuandikishwa shule, halafu mtu mmoja ananyoosha kidole na kutamka: "Huyu ndiye zaidi!"

Zaidi kwa kipimo gani? Hapo ndipo kasheshe linapoanzia.

Kwetu Kidodi kasheshe hilo huanza jioni, watu wakishatoka mashambani. Kama hupajui, shuka Mikumi, iache barabara kuu iende zake Iringa, wewe kata kushoto ufuate njia ya Kidatu na Ifakara. Upande mmoja utaona milima ya Vidunda, upande wa pili miwa, na baada ya miwa, miwa tena. Msimu wa kuvuna, mashamba yakichomwa, masizi meusi hushuka kama mvua na kutua juu ya nguo zilizoanikwa. Katika masizi hayo ndimo nilimolelewa na mjomba wangu, mkata miwa, mtu wa Simba damudamu. Jirani yake alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, Yanga wa kufa na kuzikana. Kijiwe chao kilikuwa mbele ya banda la fundi, na sisi vijana tulikuwa wasikilizaji, wachochezi, na mara nyingine waamuzi wasio na filimbi.

Mjomba alikuwa na mtu wake: Abdallah Kibadeni, yule waliyemwita King. Ukimtajia mshambuliaji yeyote chini ya jua, yeye hukurudisha tarehe 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, mabao matatu peke yake Kibadeni. Hapo hunyamaza kidogo ili fundi baiskeli aumie vizuri.

Fundi naye hakuwa wa kunyamaza. Kwanza alikumbusha kwamba mwaka 1968 Yanga iliichapa Simba mabao 5 kwa bila, wakati huo Simba bado ikiitwa Sunderland. Halafu angeleta jina lake la akiba: Sunday Manara, ambaye kwa jinsi alivyopiga hesabu uwanjani watu walimbatiza Computer, enzi ambazo kompyuta yenyewe wengi wetu hatujawahi kuiona. "Huyo," angesema, "alikwenda kucheza Uholanzi, Heracles, miaka ya sabini. Nyinyi mnadhani Ulaya imegunduliwa juzi?"

Watu wa umri wa katikati, wale waliokuwa vijana miaka ya themanini, walisimama na Zamoyoni Mogella. Kwa sisi wa mkoa wa Morogoro, Mogella ni suala la nyumbani. Alitoka Tumbaku ya Morogoro akaenda Simba, na huko wakamwita Golden Boy. Mkoa wetu usiuone hivi. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa nchi, na baadaye Reli ya Morogoro iliitwa Kiboko ya Vigogo, jina ambalo halipewi timu inayofungwa ovyo. Kwa hiyo aliyemtaja Mogella alikuwa anautaja na mkoa mzima.

Na sisi vijana? Sisi tulikuwa na Mbwana Samatta, na tulikuwa na simu mkononi. Mzee akianza hadithi, sisi tunabonyeza. Huyu hapa, Mazembe, bingwa wa Afrika 2015. Huyu hapa, Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Huyu hapa, Genk, msimu wa 2018/19, mabao 23 ya ligi na ubingwa wa Ubelgiji. Huyu hapa anaifunga Liverpool kwao Anfield, Novemba 2019. Wazee wana maneno, sisi tuna ushahidi. Mshikaji mmoja alikuwa na msemo wake: "Hao wazee wenu wangecheza leo wangeishia mchangani." Kijiwe kinacheka. Mjomba hacheki.

Ndugu msomaji, tukiacha utani, kuna mambo ambayo simu haisemi.

La kwanza ni sheria. Mpaka mwaka 1990, mshambuliaji aliyelingana na beki wa mwisho alihesabiwa ameotea. Leo akilingana naye ni halali. Unaona ni kitu kidogo, lakini mshambuliaji anaishi kwa nusu hatua. Nusu hatua hiyo Samatta amepewa, Kibadeni na Mogella walipaswa kuinyang'anya. Tena mpaka mwaka 1992 kipa aliruhusiwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake mwenyewe. Unamkimbiza beki mpaka pumzi inakata, umembana kweli kweli, naye bila wasiwasi anamgusia kipa, kipa anakumbatia gozi kama mtoto wake. Basi, umekimbia bure. Leo beki huyohuyo angetetemeka.

La pili ni mkate. Wachezaji wale walikuwa wa ridhaa. Mpira ulikuwa mapenzi, na riziki mara nyingi ilitoka kwenye kazi ya shirika. Samatta amekuwa mfanyakazi wa mpira tangu ujanani, ana daktari, ana mtu wa kumwambia ale nini na alale saa ngapi. Simlaumu, namfurahia. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa bweni na mwanafunzi anayechota maji kabla ya kwenda shule wakipata alama sawa, hawakupanda mlima mmoja.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni jukwaa. Taifa Stars ilikwenda fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Lagos, nahodha akiwa Leodegar Tenga. Iliporudi tena kwenye fainali hizo ilikuwa mwaka 2019, nchini Misri. Hesabu mwenyewe: miaka 39. Mogella alichanua na kumaliza mpira wake ndani ya pengo hilo. Samatta aliingia Misri na kitambaa cha unahodha mkononi, akaifunga Kenya bao, dunia ikaona. Sasa tumpime Mogella kwa mitihani ambayo hakuitwa kuifanya?

Hata yale mabao sita ya 1977, nani aliyaona? Waliokuwa uwanjani tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Wengine wote waliyaona kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Mjomba aliyaona akiwa Kidodi, betri za redio zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Hilo nalo lina kichekesho chake, maana bwawa la Kidatu, pua na mdomo na sisi, lilikuwa limekwisha anza kuzalisha umeme wa taifa tangu mwaka 1975. Umeme ulipita juu ya vichwa kwenda mjini, mjomba akabaki na betri zake. Kwa hiyo anapokuambia Kibadeni aligeuka hivi na kumwacha beki vile, ujue sehemu ya mgeuko ule ni ya Kibadeni, sehemu ni ya mtangazaji, na sehemu ni ya mjomba mwenyewe.

Niliwahi kumwambia hivyo. Akanijibu, "Mjomba," maana naye huniita mjomba, "hata hao wa kwenye simu mnaowaona, mnaonyeshwa mabao tu. Mipira waliyopoteza iko wapi?" Nikakosa la kusema.

Tarehe 1 Machi 2020, Aston Villa ilicheza na Manchester City fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, na Samatta alianza. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu aifunge Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tulikwenda kibanda umiza, shilingi mia tano kiingilio, mabenchi ya mbao, joto la watu. Mjomba na fundi baiskeli nao wakaja, wakakaa benchi la mbele kama wakaguzi. City wakatangulia mabao mawili. Karibu na mapumziko ikaja krosi kutoka pembeni, Samatta akajirusha mzimamzima, kichwa, wavuni! Kibanda kikavunjika kwa kelele. Fundi, Yanga yule, alikuwa analia machozi kabisa, anasema, "Mtoto wetu, mtoto wetu." Villa walifungwa 2 kwa 1, lakini nani alijali?

Njiani kurudi, gizani, nikamchokoza mjomba: "Haya, leo umekubali?" Akatembea kimya mpaka tukapita daraja dogo. Halafu akanisimulia jambo ambalo kijiweni hajawahi kulitaja.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiwa na miaka kama ishirini, alikwenda Morogoro mjini kufanya majaribio katika timu ya shirika moja. Nauli aliipata kwa kuuza mahindi. Alicheza siku mbili. Anasema alicheza vizuri, nami namwamini kwa sababu hata sasa, goti likiwa bovu, akirushiwa mpira na watoto huutuliza kama anaulaza mtoto. Wakamwambia arudi wiki inayofuata. Alilala stendi usiku mmoja akifikiria pa kukaa hizo siku saba, kesho yake akarudi Kidodi kutafuta nauli nyingine. Alipoipata na kufika tena mjini, orodha ilikuwa imefungwa. Akarudi, akachukua panga, akaingia kwenye miwa. Hajatoka mpaka leo.

"Sasa wewe," akaniambia, "mkisema wale wa zamani hawakuwa kitu, mnasema mimi nilishindwa kuingia mahali pasipo na kitu. Mseme Samatta kafika mbali. Kafika. Lakini mtuachie mlango wetu uwe mlango."

Tangu usiku ule sijawahi kusikia ubishi wa nani zaidi kwa masikio yaleyale. Pale kijiweni kila mtu alikuwa ameweka kitu chake rehani. Fundi aliweka ujana wake wa Yanga. Sisi tuliweka matumaini yetu, kwamba mtoto wa Mbagala akiweza, hata wa Kidodi anaweza. Mjomba aliweka safari mbili za Morogoro.

Lakini nisikwepe swali, maana nimelitundika kwenye kichwa cha habari. Mimi huuliza mambo matatu: mchezaji alikabiliwa na nini, alikuwa na nini mkononi, na amewaachia nini wanaomfuata? Kwa swali la tatu Samatta hana mpinzani. Simba ilipokutana na Mazembe mwaka 2011, wakamwona, wakamchukua, naye akaigeuza safari ile kuwa njia ambayo kijana leo anaweza kuitaja kituo kwa kituo: Dar, Lubumbashi, Genk, Birmingham. Manara aliruka bahari mapema zaidi, ila nyuma yake hapakubaki daraja. Kwa swali la pili, la kupata kingi kutoka kwenye kidogo, mimi nampa Mogella, kijana wa timu ya kiwanda cha mkoani aliyekuwa mkubwa katika miaka ambayo taifa halikuwa na jukwaa la kumsimamisha. Na kwa siku moja, dakika tisini tu, mbele ya mtani, shinikizo lote la nchi mabegani, mpe Kibadeni. Mjomba akisoma hapa atasema nimeogopa. Fundi angesema nimehongwa na Simba, maana wote watatu wamepitia huko.

Nasema angesema, kwa sababu fundi baiskeli hayupo tena. Tulimzika mwaka jana, masizi yakishuka juu ya kofia zetu. Aliondoka na Sunday Manara wake, yule aliyemwona kwa macho alipokwenda mjini, namna alivyopokea mpira kwa nje ya mguu na tayari ameshajua unakwenda wapi. Mimi nilishika maneno mawili matatu tu. Mengine yako chini.

Basi wewe unayesoma gazeti hili kwa sababu unataka kuandika, na unalalamika huna cha kuandika, nenda leo jioni kwa mzee wa mtaani kwenu. Usimuulize nani zaidi. Muulize bao moja tu. Muulize nani alitoa pasi, beki alikuwa upande gani, uwanja ulikuwa mkavu au umelowa, na yeye mwenyewe siku ile alikuwa amevaa nini. Kisha andika haraka, kabla betri haijaisha.