Triatloni isiyo na maji: Asubuhi ya mbio na baiskeli kutoka Kondoa kuelekea Kolo

Anayefika Kondoa wakati wa kiangazi hustaajabu kuona mito mipana isiyo na maji. Kingo zipo, daraja lipo, na baina ya kingo umelala mchanga ambao watoto huuchezea mpira. Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili; baada ya hapo ardhi hukaa ikisubiri. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akisema kwamba vijana wa msikitini wanataka kushiriki mchezo unaoanza kwa kuogelea, jambo la kwanza atakaloulizwa ni hili: wataogelea wapi?

Mchezo wenyewe huitwa triatloni. Mshindani huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, na saa haisimami hata anapobadili viatu. Mashindano ya kwanza ya sura hii yaliandaliwa na klabu ya wakimbiaji huko San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Ilipofika mwaka 2000 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Sydney. Umbali wake mfupi, ambao ndio unaowafaa watu wa kawaida, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu.

Swali la maji lilikuwa na majibu machache. Mji wa Kondoa umeruzukiwa chemchemi, lakini maji yale ni ya kunywa na ya kutawadha; hakuna mwenye staha atakayeyaingia kwa michezo. Ziwa Babati liko kaskazini yetu, nalo lina wenyewe: viboko. Malambo ya mifugo yana kichocho. Hivyo tukachukua ndugu wa triatloni, mchezo uitwao duatloni, ambao unatambuliwa rasmi na hauhitaji tone la maji isipokuwa ya kunywa. Umbali wake mfupi ni kukimbia kilomita 5, kuendesha baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia tena kilomita 2 na nusu. Nchi kavu ilipata mchezo wake.

Kabla ya miguu kukimbia, ndimi zilikimbia kwanza. Katika kikao cha kamati ya msikiti wapo wazee walioona kwamba mambo haya ni ya kitoto, na kwamba msikiti una paa linalovuja na madrasa isiyo na madawati. Hoja yao ilikuwa nzito na haikupuuzwa. Lakini katika kikao hicho hicho ilisomwa orodha ya majeneza tuliyoyasindikiza kwa mwaka mmoja, na ikadhihirika kwamba wengi wa marehemu hawakuwa wazee sana. Shinikizo la damu na kisukari vilikuwa vimewachukua watu wenye watoto wadogo. Mzee mmoja aliyekuwa akipinga alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi wakimbie, lakini wakimbie kwa adabu.”

Adabu hiyo ina msingi. Mtume Muhammad (rehema za Allah na amani zimshukie) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (Allah amridhie). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye Mtume akashinda. Aliandaa pia mashindano ya farasi mjini Madina, na Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Ngamia wake Al-Adhbaa alipopitwa na ngamia wa bedui, Waislamu wakaona uzito, naye akawafundisha kwamba hakuna kinachopanda katika dunia ila Allah hukishusha. Kwa hiyo kushindana hakukuwa tatizo. Mambo ya kuangalia yalikuwa mavazi, zawadi na swala.

Mavazi yalikuwa mepesi kupatiwa ufumbuzi: suruali pana zilizovuka magoti, wala si kaptura za kubana wavaazo waendesha baiskeli. Kina mama na mabinti walipanga matembezi yao ya kilomita 5 siku iliyotangulia, wakayasimamia wenyewe. Kuhusu zawadi, hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi inataja zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na wanazuoni wametofautiana iwapo mbio za miguu zinaingia humo. Tukaona salama ni kutoweka zawadi ya fedha kabisa. Michango ya washiriki ililipia maji, mafuta ya gari la huduma na dawa za huduma ya kwanza, ili isije ikawa kila mtu ametoa chake na mmoja akaondoka na vya wote, jambo ambalo ndilo kamari yenyewe. Ama swala, tulianza baada ya Alfajiri ili tumalize mapema kabla ya Adhuhuri.

Vilijitokeza vikundi saba, kila kimoja watu wanne. Kanuni moja ndiyo iliyobeba siku nzima: muda wa kikundi haukufungwa kwa aliyetangulia, bali kwa wa nne kuvuka mstari. Kikundi chetu kilikuwa na kijana fundi baiskeli, mwalimu wa madrasa, sisi tunaoandika haya, na mzee wetu mmoja mfanyabiashara wa alizeti, mwenye umri uliovuka miaka hamsini. Huyu wa mwisho anaishi na kisukari. Daktari alikuwa amemtaka aushughulishe mwili, naye alijizoeza pamoja nasi kwa miezi mitano, akianza kwa kutembea tu hadi sokoni. Alipata ruhusa ya daktari kabla ya kujiandikisha, na siku ile alitia tende mfukoni.

Asubuhi ya Julai katika nyanda za kati ina baridi kali, kwani Kondoa iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mbio za kwanza zilizunguka mji. Tulipita maduka yaliyokuwa bado yamefungwa, harufu ya maandazi ya kwanza, na nyumba za matofali ya udongo mwekundu. Kina mama waliokuwa wakifagia nyua walisimama wakatuuliza kwa Kirangi tunamkimbia nani. Kilomita tano ziliisha tukiwa pamoja, mwalimu wa madrasa akituhesabia pumzi kama anavyohesabu herufi za wanafunzi wake.

Baiskeli zilikuwa za kila aina. Wachache walikuwa na za gia. Wengi wetu tulikuwa na Phoenix, zile nzito zenye karia la chuma, ambazo juzi yake zilibeba gunia la mbaazi. Fundi wetu alikuwa amezikagua zote kwa usiku mmoja, akakaza minyororo na breki, akaziba pancha. Tukaishika barabara kuu ya kaskazini kwa kibali cha askari wa usalama barabarani, gari la huduma likiwa nyuma na bodaboda wenye bendera mbele. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Waliowahi kuipita kabla ya lami, wakilala njiani kwa sababu ya tope, wanajua kwamba hata kuifikiria kwa baiskeli ya mashindano ni neema.

Mwendo wa baiskeli humpa mtu nafasi ya kuona nchi ambayo abiria wa basi huipita akiwa amesinzia. Pande zote mbili zinaonekana kovu za ardhi: makorongo mekundu yaliyochanika kutoka vilimani, mengine yenye kina cha kumficha mtu na ngamia wake. Hapo zamani vilima hivi vilikuwa na miti. Mashamba yakapanuka, mifugo ikazidi, kila mtu akihesabu ng'ombe wake na hakuna aliyehesabu ng'ombe wa wote. Mvua ilipokuja ilikuta ardhi haina nguo, ikaichukua.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu huuita HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee husimulia siku zile kwa sauti ya chini: ng'ombe wakaondoka, na maziwa yakaondoka vinywani mwa watoto. Lilikuwa jambo chungu. Lakini majani yalirudi, vichaka vikarudi, na baadhi ya makorongo yakaanza kupona. Baadaye watu wakafundishwa kufuga kwa kulishia zizini. Leo, katika kipande kile cha barabara, kijani kilichobaki hata wakati wa kiangazi ni matunda ya subira ya watu ambao wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Ilikuwa mbele kidogo ya makorongo hayo, mahali barabara inapoanza kupanda, ndipo mzee wetu alipoanza kubaki nyuma. Wakati ule tulikuwa wa pili. Fundi alirudi kwake akamwambia, “Mzee wangu, shika mgongo wangu, nitakukinga upepo.” Akajitahidi kwa muda, kisha akasimama. Mikono ilikuwa ikitetemeka na jasho la baridi limemtoka, hali tuliyokuwa tumefundishwa kuitambua: sukari ilikuwa imeshuka.

“Wanangu, nendeni,” alisema. “Msifanye nikawa sababu ya nyinyi kushindwa.”

Mwalimu wa madrasa alimjibu, “Mzee, hesabu yetu haifungwi bila wewe. Tukienda, tutakwenda kukusubiri tu.”

Tukamketisha chini ya mgunga. Akala tende zake, akanywa maji yenye sukari, na muuguzi aliyekuwa katika gari la huduma akampima. Tulisubiri robo saa, akampima tena. Katika robo saa hiyo vikundi vitatu vilitupita, kimoja kikitusalimia na kutuombea, na hakuna miongoni mwetu aliyetazama saa. Muuguzi aliporidhika alimruhusu aendelee kwa mwendo wa taratibu, na kwa sharti kwamba akihisi tena lolote apande gari. Mahali palipopanda sana tulishuka sote wanne tukazikokota baiskeli, tukizungumza bei ya alizeti.

Hapo kanuni ya mtu wa nne ilitufahamisha maana yake. Laiti muda ungefungwa kwa wa kwanza, fundi wetu angekuwa na kila sababu ya kuondoka, na huenda mzee yule angeficha hali yake ili asitie aibu. Kanuni ilimfanya mnyonge wa kikundi kuwa ndiye kipimo cha kikundi. Ardhi ya Kondoa iliharibika kwa hesabu ya mmoja mmoja, ikapona kwa hesabu ya wote. Na jamaa ya msikitini, tunadhani, haina njia nyingine.

Kilomita 20 zilipotimia tuliziegesha baiskeli na kumalizia kwa miguu kuelekea Kolo. Miguu iliyotoka kwenye baiskeli huwa mizito kama ya mtu anayetembea matopeni. Nusu tulikimbia, nusu tulitembea. Tulivuka mstari wanne kwa pamoja, wa tano kati ya saba. Kolo ndilo lango la michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Mary Leakey aliichunguza kwa kina mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Vijana wenye nguvu walikwenda kuitazama. Wazee walichagua kivuli. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na Adhuhuri tuliiswali kwa jamaa, safu moja, washindi na walioshindwa bega kwa bega.

Wiki iliyofuata watu kumi na wawili walikwenda kupima sukari na shinikizo la damu, na miongoni mwao alikuwemo yule mzee aliyetaka tukimbie kwa adabu. Paa la msikiti bado linavuja, na litatengenezwa kwa idhini ya Allah. Lakini paa huwafunika walio hai.

Ndugu msomaji, huna haja ya kusubiri mashindano. Tembea na mkeo na watoto baada ya Alasiri. Mwenye maradhi aanze kwa daktari, na asiende peke yake. Na mliojaaliwa bahari, maziwa na mito isiyokauka, wafundisheni watoto wenu kuogelea, kwani Umar bin al-Khattab (Allah amridhie) hunasibishiwa wasia huo huo. Sisi wa nchi kavu tunalo deni hilo, maana mvua zinapojaza malambo na makorongo, mtoto asiyejua kuogelea huwa hatarini hata Kondoa.

Tunamuomba Allah aijaalie miili yetu iwe msaada wa ibada, na atujaalie tusimwache nyuma aliye dhaifu miongoni mwetu. Wabillahi tawfiq.